Kosa la Kwanza Hulipwa na Nani?

Mpwa wangu ana miaka 12 na si mtoto wa maneno mengi. Siku ile pale ufukweni Bagamoyo, akiwa amefunikwa khanga ya mama yake, midomo inatetemeka na maji ya chumvi bado yanamtoka puani, hakulia wala hakunilaumu. Aliniangalia, kisha akaniuliza: "Mjomba, ulijua?"

Nikamjibu, "Nilijua nini?" Ndiyo tabia yetu waandishi wa habari; mtu akitubana kwa swali, tunamrudishia swali. Lakini tulielewana vizuri tu. Alitaka kujua kama niliifahamu kasoro ya kile kidau kabla sijampandisha.

Niliifahamu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo siku ile, na tangu hapo swali lake limekuwa likinifuata ofisini, kwenye daladala, hata kitandani. Makala hii ni jaribio la kulijibu. Ni ndefu kidogo, naomba univumilie.

Nianze na kidau chenyewe. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi, lakini mimi nimekulia Dar es Salaam, nikasoma, nikaishia kwenye meza ya habari. Nilipofikisha miaka 34 nikashikwa na hamu ambayo hata leo siwezi kuieleza vizuri: nilitaka kuunda chombo kwa mikono yangu, kitwekwe tanga, kiende. Wenzangu ofisini walikuwa wananunua viwanja Kigamboni na Chanika. Mimi nikaenda Bagamoyo kununua mbao za mwembe.

Dada yangu ana uwanja mkubwa kule, mwendo wa dakika kumi hivi kutoka pwani. Jirani yake ni mzee mmoja ambaye enzi zake aliunda mashua zisizo na idadi. Sasa magoti yamemgomea na macho yanaanza kufuata. Wote tunamwita Babu. Nilimwendea kwa heshima zote, shikamoo mbili, sukari kilo mbili, nikamweleza shida yangu. Alicheka hadi akakohoa. Halafu akasema, "Mimi nitakuwa macho, wewe utakuwa mikono." Basi kila Jumamosi, kwa miezi kumi na moja, yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe na mimi nikachonga.

Hatukuwa na mchoro. Babu alipima kwa kamba, kwa shibiri na kwa kufumba jicho moja. Ulilazwa kwanza mkuku, kisha ikasimamishwa miti ya mbele na nyuma, omo na tezi, halafu mbao zikaanza kupanda moja juu ya nyingine. Mataruma, yaani zile mbavu za ndani, hayakukatwa kwenye mbao iliyonyooka. Tulizunguka kutafuta matawi yaliyokwisha kupinda yenyewe, maana nyuzi za mti zikifuata mpindo, taruma halivunjiki kwa urahisi. Nilikuja na drili ya umeme nikijiona wa kisasa. Umeme ulipokatika, na ulikuwa ukikatika, Babu alinikabidhi keekee yake, ile ya kuzungusha kwa uta, nikatoboa matundu ya misumari kama walivyotoboa wazee wake. Kwenye maungio tulipigilia pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi. Hiyo ndiyo kalafati, na ukitaka kujua subira yako imeishia wapi, jaribu kupiga kalafati jua la saa nane.

Kilikuwa kidau cha futi 14 kwa urefu, upana futi nne na nusu. Pesa niliacha kuzihesabu zilipopita milioni moja na laki tatu.

Sasa nifike kwenye ufa. Ubao wa nne kutoka chini, upande wa kushoto, ulipasuka karibu na omo wakati naupinda. Ufa wenyewe ulikuwa na urefu wa kama shibiri moja, unafuata nyuzi za mti. Siku hiyo Babu alikuwa amepelekwa kliniki. Mbao zilikuwa zimekwisha, mshahara nao ulikuwa umekwisha, na tarehe ya kushua nilikuwa nimeshaitangaza. Nikaujaza ufa pamba na mafuta, nikafunika kwa puti ile ya mafundi wa bodi za magari, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya buluu. Ukitazama huoni kitu. Nikajiambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno: ubao huu uko juu ya maji, maji hayataufikia.

Babu aliporudi alipitisha kiganja kwenye ubavu wote wa kidau, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe. Macho yake hayaoni vizuri, nimeshasema. Akasema tu, "Rangi hii imewahi." Kisha akanipa masharti mawili. Kwanza, kidau kikae majini siku mbili kikiwa kimefungwa kamba, mbao zinywe maji zivimbe, tuone kinavujia wapi. Pili, nikitoe baharini peke yangu mara tatu, kwa upepo wa aina tatu, kabla sijapakia mtu. "Chombo huanza kumbeba aliyekiunda," alisema. Nikaitikia, "Sawa Babu," kwa sauti ile tunayowaitikia wazee tukiwa tumeshaamua vingine.

Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, na tulisubiri bamvua kwa sababu maji mafu hayafiki tulipokuwa. Siku za bamvua pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, na saa kumi alasiri ndiyo saa ambayo kaskazi inakuwa imekomaa. Wageni walishatoka Dar. Pilau ilikuwa jikoni. Rafiki yangu mpiga picha alikuwa ameleta kamera ile yenye lenzi kama kopo la maziwa. Je, ningewaambia watu hao wote kwamba shughuli ya leo ni kufunga kidau kamba na kukiangalia kikivuja kwa siku mbili?

Watu walikisukuma juu ya magogo kwa wimbo, Babu akasoma dua. Akaniuliza, "Unakwenda na nani?" Nikasema na mpwa wangu. "Mtoto?" Nikacheka, nikasema tunazunguka tu hapo karibu. Dada ndiye aliyekimbia nyumbani kuchukua jaketi la kuokolea maisha, lilikuwa moja tu, akamvisha mwanawe na kumfunga mikanda mwenyewe. Mimi sikuwa nimelifikiria.

Kwa dakika kama kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mkoa mzima wa Pwani. Tulielekea upande wa mdomo wa Ruvu, upepo unatupiga ubavu wa kulia, kidau kinapasua maji, mtoto anacheka. Tatizo ni kwamba tanga lilikuwa kubwa. Nililinunua kuukuu kwa mvuvi mwenye mashua iliyozidi kidau changu mara mbili, nikajiambia nitalikata baadaye. Upepo ulipoongezeka ghafla, kidau kililala upande wa kushoto. Na hapo ule ubao wa nne, uliokuwa "juu ya maji", ukazama. Kidau kikiwa wima, maji yana mstari wake. Kikilala, mstari unapanda. Puti ilitoka kama kizibo.

Wasiowahi kuona chombo kikiingia maji hudhani kwamba kinazama kwa uzito. Kabla ya uzito kuna jambo jingine. Maji yaliyomo ndani hayatulii, hukimbilia upande ulioinama, na yakifika huko huuinamisha zaidi, na kadiri unavyoinama ndivyo yanavyozidi kuingia. Nilikuwa bado natafuta kopo la kukumbia maji tulipopinduka. Mbao haizami, tukaking'ang'ania. Wavuvi wawili waliokuwa wanarudi na ngalawa walituona, wakatutoa. Labda ilichukua robo saa. Mtoto alikunywa maji mengi. Ni jaketi la mama yake lililomweka juu, sikuwa mimi.

Watu wa pwani ni wema. Jioni ile, na wiki nzima iliyofuata, walinifariji kwa methali tunayoijua sote: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nilishukuru. Lakini kila nilipoisikia, nilijikuta nauliza: si kosa kwa nani? Ikiwa mtoto yule angezama, kwake yeye kusingekuwa na mara ya pili. Methali ile imetungwa kwa upande wa anayekosea, aliyebaki na kesho ya kujirekebisha. Aliyekosewa hakuulizwa. Ni methali nzuri ukiwa unajifunza kupika maandazi na yanayoungua unayala mwenyewe. Ukianza kuwalisha wageni, inahitaji nyongeza.

Nikaanza kutafuta waliowahi kulifikiria jambo hili, na sikuhitaji kukaa sana. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe takriban miaka 3,750 iliyopita (jiwe lenyewe liko makumbusho ya Louvre, Paris), kuna kifungu kinachomhusu mwunda chombo. Kinasema kwa maana hii: fundi akimziba mtu chombo na kazi yake isiwe imara, na ndani ya mwaka uleule chombo kikaonyesha kasoro, fundi atakibomoa na kukitengeneza upya kwa gharama yake. Wanasheria wa leo wangeiita dhamana ya mwaka mmoja. Nilipoisoma nilifurahi, kisha nikaona pengo. Sheria ile inamlinda aliyelipa. Inamjali mwenye chombo, ambaye ana mkataba na ana mdomo wa kudai. Abiria hatajwi. Mpwa wangu hakununua kitu kwangu, hakuwa na mkataba wowote zaidi ya kuniita mjomba.

Mfano wa pili uko Sweden. Mwaka 1628, kabla meli mpya ya vita ya mfalme, Vasa, haijaondoka Stockholm, mabaharia 30 waliamriwa wakimbie kwa pamoja kutoka ubavu huu hadi ule ili ionekane kama meli ina uthabiti. Ikayumba vibaya kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa. Wakubwa walikuwepo, wakaona. Lakini mfalme alikuwa mbali vitani na alikuwa akihimiza meli itoke. Tarehe 10 Agosti ikang'oa nanga mbele ya umati, mizinga ikalia, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga yaliyoachwa wazi, ikazama kabla ya kumaliza kilomita mbili. Walikufa watu wapatao 30. Ndani ya meli, kwa kuwa ilikuwa safari ya kwanza na ya sherehe, kulikuwa na wake na watoto wa mabaharia. Baraza lilikaa, watu wakahojiwa, mwisho wake hakuna aliyeadhibiwa. Mjenzi mkuu alishafariki mwaka uliotangulia.

Ningependa kuwacheka Waswidi wale, lakini pilau yangu ilikuwa jikoni. Najua walivyojisikia pale gatini. Jaribio limeshakupa jibu, na jibu hilo linaharibu shughuli. Hapo unaanza kujisemea kwamba labda upepo hautakuwa mkali, labda kasoro iko juu ya maji. Unaweza ukawa humdanganyi mtu yeyote kwa mdomo. Unanyamaza tu na kupaka rangi.

Kwa hiyo nadhani kuna makosa ya namna tatu, na methali yetu imeyaweka kwenye kapu moja. Lipo kosa usilolijua: umefanya uwezavyo, umeuliza wanaojua, na bado kitu kikakushinda. Hilo kweli si kosa, au tuseme ni kosa lisilo na lawama. Lipo kosa unalolijua na ukalisema: unamwambia mwenzako, tanga hili ni kubwa, ubao ule umepasuka, unakuja au hukuji? Akija, hasara ikitokea ni yenu wawili. Halafu lipo kosa unalolijua ukalificha. La tatu hili ni kosa hata kama ni mara yako ya kwanza, na hata kama upepo usingevuma siku ile tukarudi salama tukala pilau. Hilo la mwisho lilinichukua muda kulikubali. Tungerudi salama nisingeandika makala hii, ningekuwa naringa. Na bado ningekuwa nimemfanyia mtoto yule jambo lilelile.

Nikiwa mkweli, haikuwa mara yangu ya kwanza. Nikiwa mwanagenzi katika chumba cha habari, miezi minne tu kazini, niliandika habari ya upotevu wa fedha za ushirika mmoja nikamtaja mama mmoja kwa jina. Nilijua sijampigia simu. Nilijua pia kwamba jina lake linafanana na la mtu mwingine kwenye orodha niliyopewa. Lakini saa ya kufunga ukurasa ilikuwa imefika, na ilikuwa habari yangu ya kwanza kutoka mbele. Siye aliyehusika. Masahihisho yalitoka siku tisa baadaye, ukurasa wa ndani, mistari minne. Mhariri wangu alinipiga begani akaniambia, ndivyo tunavyojifunza. Na ni kweli nilijifunza, tangu siku hiyo nampigia kila mtu simu. Ila ada ya shule ile niliyosoma mimi alilipa yule mama, sokoni kwake, mbele ya majirani zake, na hakuna aliyemwomba idhini kabla ya kuandika jina lake.

Hapa najua msomaji makini atanipinga, na ana haki. Atasema: kama kila anayejifunza atasubiri mpaka awe kamili, nani atajifunza? Daktari kijana lazima awe na mgonjwa wa kwanza. Mwalimu mgeni lazima awe na darasa la kwanza, na watoto wa darasa hilo watapata somo baya kuliko watakaofuata. Chombo hakiwezi kukamilika nchi kavu, ukamilifu wake uko majini. Ukiondoa hatari yote, umeondoa na ufundi.

Nakubali. Babu mwenyewe aliniambia kwamba mashua yake ya kwanza ilivuja kama chungio. Ila tazama tulivyolitatua jambo hili barabarani. Gari la kujifunzia udereva hubandikwa herufi L. Herufi ile haimfanyi mwanafunzi awe dereva mzuri. Inawaambia wengine: huyu bado, mjihadhari, mkae mbali kama mnataka. Hatari imebaki palepale, ila sasa wote wanaijua. Daktari kijana naye huwa na mkubwa wake pembeni. Kwa hiyo simwambii mtu asubiri ukamilifu. Ninachosema ni kwamba kile unachokijua wewe kuhusu kasoro ya kazi yako, anayeweza kuumia nacho anapaswa kukijua pia, kabla hajaingia. Kidau changu hakikuwa na L. Kilikuwa na rangi mpya ya buluu.

Lakini hata hili halitoshi, na aliyenionyesha ni nahodha mmoja wa zamani, Joshua Slocum, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa raia wa Marekani. Wapenda tanga wanamjua kwa Spray, chombo chakavu alichokikuta kimetupwa kondeni huko Fairhaven, jimbo la Massachusetts, jimbo lilelile ambalo wafanyabiashara wake wa Salem walituletea Zanzibar karne ya 19 kile kitambaa cha matanga tunachokiita marekani mpaka leo. Alikiunda upya ubao kwa ubao kwa miezi 13, kwa dola 553 na senti 62. Akakitumia kuvua samaki msimu mmoja. Kisha tarehe 24 Aprili 1895 akatoka Boston nacho peke yake, akaizunguka dunia, akarudi Juni 1898. Mtu wa kwanza kufanya hivyo peke yake. Mwaka 1909 alitweka tanga tena na Spray, hakuonekana tena.

Mwanzoni nilitaka kumtumia Slocum kama mfano wangu wa fundi mwadilifu: anaunda, anajaribu, anabeba hatari yake mwenyewe. Halafu nikakuta kwamba kabla ya Spray kulikuwa na Liberdade. Meli yake ilipopotea kwenye pwani ya Brazil mwishoni mwa 1887, aliunda kidau cha futi 35 palepale, akakishua tarehe 13 Mei 1888, siku ambayo utumwa ulifutwa Brazil, ndiyo asili ya jina lake. Humo akampakia mkewe Hettie na wanawe wawili, wakasafiri zaidi ya maili 5,000 mpaka Marekani. Nikasema, haa, huyu naye ni kama mimi. Kumbe sivyo kabisa. Matanga ya Liberdade alishona Hettie mwenyewe. Victor, mtoto mkubwa, alifanya kazi ya kuunda bega kwa bega na baba yake. Wale hawakuwa wageni waliopandishwa kwenye rangi mpya. Walikijua chombo kile ndani na nje, na ufa kama upo waliuona.

Lakini Garfield, yule mdogo, alikuwa na miaka saba. Yeye alijua nini? Unaweza kumweleza mtoto wa miaka saba, au hata wa miaka 12, kwamba tanga ni kubwa. Atakusikiliza, atakutazama usoni, na kama wewe ni baba yake au mjomba wake, atasema twende. Hajapima upepo, amekupima wewe. Idhini ya mtoto ni imani tu kwa mkubwa wake. Na wako watu wazima wengi wa namna hiyo pia: mgonjwa mbele ya daktari, mwanakijiji mbele ya mwandishi mwenye kinasa sauti, mfanyakazi mbele ya bosi. Ukiwaomba, hawakukatalii, si kwa kuwa wamekubali bali hawajui namna ya kukataa. Kwa watu kama hao nadhani kusema kasoro hakutoshi. Inabidi ujikatalie wewe mwenyewe, kwa niaba yao. Babu alilijua hili ndiyo maana sharti lake halikuwa "waambie abiria". Lilikuwa "nenda peke yako".

Nilirudi kwenye kidau baada ya mwezi na nusu. Sikutaka, Babu ndiye aliyenituma dada aniambie kwamba jua linakimaliza. Nikafanya alivyotaka Hammurabi. Niliung'oa ubao wa nne wote, si ufa peke yake, nikaweka mpya. Nilikwangua rangi yote. Nikakiloweka siku mbili, nikakuta kinavuja sehemu tano, ambapo nne sikuwa nazijua. Tanga nililipunguza, foromali nikaikata. Nikaweka viroba vya mchanga chini, viwe farumi. Baada ya hapo kikaanza kiburi kipya: kila nikikiachia usukani kinageuza uso kuelekea upepo. Babu akasema mlingoti umekaa nyuma, tukausogeza mbele shibiri moja, kikatulia. Kila safari nilitoka peke yangu, na kila niliporudi niliandika kwenye daftari: upepo gani, maji gani, na baada ya saa moja nimekumba makopo mangapi. Kopo ni la rangi, la lita nne, lile la rangi ya buluu. Safari ya kwanza makopo tisa. Ya nne, manne. Ya saba, mawili.

Wakati huo huo nilimjibu mpwa wangu. Nilimkuta anafua viatu vya shule. Nikamwambia, "Ulichoniuliza siku ile. Nilijua." Akaendelea kusugua. Kisha akauliza, "Sasa kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yenye mshahara ndani yake, na mbao, na bamvua. Yote yakanitoka. Nikasema, "Niliona aibu mbele za watu." Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa," akamwaga maji. Dada alikuwa mlangoni na alisikia. Hakusema kitu siku hiyo, na mpaka leo hajasema. Nalichukua kama deni lililobaki.

Jumamosi ya mwisho niliyokwenda, ilikuwa bamvua tena, mtoto alikuja pwani bila kuitwa. Akasimama kando ya kidau, mikono mfukoni. "Leo kina kasoro gani?" Nikamhesabia: kinavuja kidogo karibu na tezi, na bado sijapata mahali. Kamba ya usukani imechakaa, nitainunua mwisho wa mwezi. Na upepo ukiwa mkali kama siku ile, sijawahi kukijaribu nikiwa na mtu mwingine ndani.

Akaitazama bahari, akakitazama kidau, akasema, "Mimi nitakaa hapa na Babu."

Nikatoka peke yangu. Niliporudi aliingia majini mpaka kiunoni, akaipokea kamba, akachungulia ndani. "Makopo mangapi?" Nikamwambia moja na nusu. Akalichukua daftari kwenye mapaja ya Babu, akaandika mwenyewe.